Kidonge cha Tarehe Tatu

Gerezani, Tanga
14 Januari 2024

Mdogo wangu Lea,

Salamu nyingi zikufikie hapo Maramba. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mguu wa kulia umevimba. Juma lililopita watu wawili waligombea nafasi ya kulala karibu na dirisha. Mmoja alimng'ata mwenzake sikio akalitema sakafuni kama ganda la muwa. Mimi nilikuwa katikati yao, nikakanyagwa. Usiogope, ndiyo maisha ya huku. Michungwa imechanua? Mama mdogo wa Pongwe bado anakohoa?

Baada ya salamu, neno langu ni mbwa. Nimebakiwa na watatu, Shauriyako, Sikuombi na Zamani, na wote sasa wako mikononi mwako. Najua tangu utotoni huwapendi. Hukuombwa kuwapenda. Umeombwa kuwalinda na kupe.

Kila tarehe tatu ya mwezi uwape kidonge cha kutafuna. Nenda kwa mzee Uweso wa duka la dawa za mifugo, mwambie ni kile kile anachochukua Ernesti, naye atakuuliza uzito. Usikisie. Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani ya mahindi, kisha utoe uzito wako. Kidonge kifiche ndani ya kipande cha ini, ukae hapo hapo mpaka umwone kwa macho yako amemeza. Dawa hii haimzuii kupe kupanda. Humuua akishauma. Kwa hiyo jioni wakague: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukimkuta aliyeng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu, mtie kwenye mafuta ya taa. Usimchome kwa sigara wala kumpasua kwa kucha. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usiwapake mbwa kamwe, inaua.

Usiruke mwezi hata mmoja, hata kiangazi. Unajua kilichotokea mwezi mmoja uliporukwa.

Mambo ya siku ile yalishasemwa mahakamani, yaishie huko. Jirani Kristofa alivuka mpaka wa shamba, mimi nikatetea mali yangu, basi. Kama umesikia Anastazia yuko wapi, niandikie. Bado ni mke wangu, tulifunga ndoa kanisani.

Kaka yako,
Ernesti


Maramba
6 Februari 2024

Kaka Ernesti,

Shikamoo. Pole na mguu. Hapa tu wazima. Mama mdogo hakohoi tena, ila analalamika macho. Michungwa imechanua upande wa mtoni tu. Ule wa juu umepata ukungu. Mwinjilisti anakusalimu, ametuombea Jumapili mbele ya watu wote, mpaka nikaona haya.

Nimetimiza uliyosema. Tarehe tatu nilikwenda na Shauriyako kwa mnunuzi wa mahindi, nikapanda naye kwenye mizani. Watu walicheka. Mama mmoja akasema, "Lea, huyo ndiye bwana harusi?" Ana kilo thelathini na mbili. Sikuombi ishirini na nne, Zamani ishirini na sita. Mzee Uweso alivaa glavu, akawatazama ufizi mmoja mmoja, kisha akaenda kunawa mikono kwa udongo na maji mara nyingi. Nikamwambia, "Mzee, samahani kukutia unajisi." Akanijibu, "Mate yake ndiyo najisi, mwanangu. Kumwacha anyonywe damu mpaka afe, hiyo ni dhambi, na dhambi hainawiki."

Juzi nyani waliingia kwenye mahindi, kundi zima, saa tatu asubuhi. Dume lao halikukimbia. Lilimkamata Zamani shingoni, likamzungusha kama nguo inayokamuliwa. Sikuombi akalidaka mguu, Shauriyako akaja kwa mbele, akalishika koo. Lilichukua muda mrefu kufa, kaka. Lilipiga kelele kama mtu. Nilisimama na panga mkononi nisijue nilipige wapi. Walipomaliza wote watatu walikuja wakalala miguuni kwangu, midomo imejaa damu, na nikajikuta nawapapasa. Zamani nimemshona mwenyewe kwa uzi wa mzee Uweso.

Nakutakia afya. Usigombane na watu huko.

Mdogo wako,
Lea


Gerezani, Tanga
25 Februari 2024

Mdogo wangu Lea,

Barua yako imenifurahisha kuliko chakula. Nimewasomea wenzangu habari ya nyani mara tatu. Wamempenda Shauriyako. Nimewaeleza nilivyomfundisha kwa maneno mawili tu, "shika" na "acha", na asimsikilize mtu asiyemjua. Unamkumbuka yule mwizi wa machungwa, mwaka ule wa mafuriko? Nilisema "shika", mbwa akamshika paja. Nikahesabu mpaka ishirini ndipo nikasema "acha". Ningeweza kusema kwenye tano. Lakini mtu lazima ajifunze, na mwili hujifunza upesi kuliko kichwa.

Mguu umepona. Aliyenikanyaga naye amejifunza.

Masika inakaribia na nyasi zitakuwa ndefu, kupe watakuwa kama mchanga. Kaza macho yako yote kwenye tarehe tatu. Pia ziba nyufa za banda, ndimo wanamotagia.

Hukunijibu kuhusu Anastazia. Kuna mtu ameletwa huku kutoka Mkinga. Anasema sokoni kwenu yuko mwanamke anayefunga kitambaa kidevuni, hasemi na watu, hununua vitu kwa kuonyesha kidole. Nimemwuliza ana urefu gani. Niandikie, Lea.

Kaka yako,
Ernesti


Maramba
21 Aprili 2024

Kaka Ernesti,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikata barabara, na nilikuwa sina moyo wa kuandika. Mama mdogo wa Pongwe ameumwa tena, safari hii malaria. Kanisa limeezuliwa mabati matatu na upepo. Mihogo inaendelea vizuri.

Kaka, Zamani amekufa.

Tarehe tatu Machi alipewa kidonge kama wenzake, kwenye ini, nami nikamwona akitafuna. Kumbe alikisukumia shavuni. Tulikikuta baadaye chini ya benchi, kimelainika na tope. Mwisho wa mwezi alikuwa habweki, hali, anasimama amejikunyata. Nilidhani ni lile jeraha la nyani. Kisha akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, na ufizi wake ukawa mweupe kama karatasi. Nilipofunua sikio nilikuta kupe wamepangana kama punje kwenye gunzi, wamejaa mpaka wanang'aa.

Tulimbeba kwa machela ya gunia mpaka kwa mzee Uweso, mvua inatupiga, tope magotini. Alimchoma sindano, akasema, "Homa ya kupe imekula damu yake yote. Nimefanya langu." Alikufa kwa shida. Alitupa miguu, akang'ata ubao wa meza mpaka jino likakatika. Tukamfunika kwa gunia lile lile tukamzika chini ya mchungwa wa kwanza.

Kosa ni langu. Sikukaa mpaka amemeza. Sasa baada ya kidonge huwa wanafunguliwa mdomo, wanapitishwa kidole shavuni.

Mdogo wako,
Lea


Gerezani, Tanga
5 Mei 2024

Lea,

Salamu.

Najua barua hizi husomwa na afande kabla hazijatoka, kwa hiyo nitaandika kwa adabu.

Zamani nilimchukua akiwa hajafumbua macho. Nilimlisha maziwa kwa kitambaa. Miaka kumi na moja hakuna kupe aliyemnyonya siku mbili. Miezi mitatu kwako amekufa. Nimekaa hapa na karatasi yako nikiangalia mikono yangu. Ungekuwa karibu ungejua ninachokifikiria. Unakijua. Umekwisha kukiona kikimpata mwingine.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, maana huku hakuna kazi nyingine. Umeandika "tulimbeba". Umeandika "tukamfunika". Umeandika mvua "inatupiga". Mama mdogo yuko Pongwe anaumwa malaria, umesema mwenyewe. Mtu peke yake hashiki machela pande mbili.

Wewe na nani?

Ernesti


Tanga
30 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Lea,

Salamu tele. Umenyamaza karibu miezi miwili, nami sikulaumu. Ile barua niliiandika na homa kichwani. Zamani alikuwa mzee, siku zake zilifika. Nisamehe. Wewe ndiye damu yangu pekee. Baba alipokatwa na korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge kiwandani, ulikuwa na miaka sita, nikakubeba mgongoni kutoka msibani. Sijasahau, na wewe usisahau.

Barua hii haikupita kwa afande. Anaileta mkononi Lucas, tuliyelala naye ubavu kwa ubavu miezi sita, na sasa amemaliza kifungo chake. Ni fundi mwashi. Nimemwomba azibe nyufa za banda na kupaka chokaa, kupe wasipate pa kujificha. Nimemfundisha habari za mbwa ili wasimsumbue. Mpokee kama ungenipokea mimi. Mpe chakula, mwache afanye kazi yake.

Kaka yako,
Ernesti


Maramba
19 Julai 2024

Kaka Ernesti,

Shikamoo. Sijui kama bado nakupa shikamoo kwa heshima au kwa mazoea, lakini nimeiandika, haifutiki. Mama mdogo amepona. Mahindi tumevuna magunia tisa. Hizo ndizo habari za nyumbani, na sasa nakwambia habari za Lucas wako.

Alifika Jumamosi ya tarehe sita, saa mbili asubuhi. Mtu mpole, ana pengo mbele, anaongea polepole. Nilisoma barua yako mbele yake, nikampa chai na mihogo. Alifanya kazi kweli. Alikoroga chokaa kwenye ndoo, akaziba kila ufa wa banda, akanionyesha mayai ya kupe kwenye pembe akayachoma. Tulikuwa tumewatoa mbwa, tukawafunga kwa kamba kwenye mchungwa. Aliwasogelea mara mbili akawatajia majina yao, nao wakamnusa wakatulia. Nilisema moyoni, kaka yangu amebadilika.

Sasa nakujibu swali lako la Mei. Mimi na wifi Anastazia.

Yuko hapa tangu alipotoka hospitali. Kwao walimrudisha, baba yake akasema mke hukaa kwa mumewe. Nikamwambia, mumeo hayupo, kaa. Ndiye aliyeshika upande wa pili wa machela. Ndiye anayewapa mbwa dawa, kaka, si mimi. Mimi nilikuwa nakuandikia tu. Tarehe mbili huwa hali chakula. Tarehe tatu huamka kabla ya jogoo, anakata ini vipande. Wewe uko gerezani nyuma ya kuta tatu, naye bado anaogopa kuchelewesha kidonge. Siku Zamani alipokufa alijifungia stoo, akakaa amejifunika kichwa kwa mikono, akingoja.

Siku alipokuja Lucas nilimwambia akae kwa mke wa Kristofa mpaka mgeni aondoke. Lakini mvua ilianza kunyesha, na nguo zilikuwa kambani. Akaja mbio kuzianua.

Lucas alimwona. Akaacha kazi. Akanawa chokaa mikononi, bila haraka, kama mtu anayekwenda kula. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye Anastazia?" Wifi akaendelea kuanua nguo, haongei na wageni. Akasema, "Mumeo anakusalimu. Amesema yuko njiani, nikuachie alama asije akakusahau."

Akatoa kisu kifuani. Akamkamata nywele, akamkata kutoka chini ya sikio mpaka kwenye pembe ya mdomo. Nilisikia kisu kikigonga jino. Akamkata tena begani, wifi aliposhika uso. Nilichukua ndoo ya chokaa nikampiga nayo kichwani, akageuka akanipiga teke la tumbo nikaanguka. Sikuombi alikata kamba wa kwanza. Alimrukia mkono, naye akamchoma kisu mbavuni, mara tatu, nne, akimwinua kila anapochomoa. Sikuombi hakuachia. Ilibidi amkanyage kichwa ili aupate mkono wake.

Ndipo Shauriyako naye akakata kamba. Lucas alimwona akija akanyoosha kidole, akapaza sauti, "Shauriyako! Acha!"

Na mbwa alisimama, kaka. Alisimama kweli, nywele zimemsimama mgongoni, anatetemeka mwili mzima, kwa sababu lile ni neno lako, limesemwa kama unavyolisema wewe, kwa kukata mwishoni. Hapo ndipo nilipojua kazi uliyomtuma. Hakuna mtu mwingine duniani anayelisema neno lile hivyo. Ulikaa naye huko ukamfundisha hata sauti.

Wifi alikuwa amepiga magoti, damu inamwingia kinywani. Shauriyako aligeuza kichwa akamtazama. Ni yeye aliyemkagua masikio kila jioni, miezi yote hii. Ni mikono yake inayonuka ini. Wifi akatema damu, akasema, "Shika."

Sitakuandikia yote. Alimshika mkono wenye kisu kwanza na mfupa ulivunjika, nilisikia. Kisha uso. Lucas alilia kwa jina la mama yake. Nami nilikuwa chini, nikiangalia, na kaka, sikutaka yaishe. Nilitaka mbwa aendelee. Nakwambia hili kwa sababu ni wewe pekee utakayelielewa, na ndilo linalonitia hofu kuliko kisu.

Wifi ndiye aliyesema "acha". Hakuhesabu.

Kristofa alisikia akaja mbio, kama siku ile. Alimfunga Lucas kwa kamba ya nguo, akitumia mkono mmoja na meno. Tuliwapeleka hospitali wote wawili kwenye pikipiki mbili. Wifi ameshonwa nyuzi thelathini na nane. Lucas amepoteza jicho na vidole, na amewaeleza polisi nani alimtuma na alimwahidi nini: nusu ya shamba hili.

Lea


Gerezani, Tanga
2 Agosti 2024

Lea,

Huyo mtu anadanganya. Wafungwa wote ni waongo. Nilimtuma kupaka chokaa.

Usiwape polisi barua zangu. Mimi ni kaka yako.

Umesema Sikuombi alichomwa kisu. Hukusema kama amepona. Kama amepona, kidonge cha mwezi huu asipewe mpaka kidonda kikauke, muulize mzee Uweso kwanza. Niandikie upesi, silali.

Ernesti


Maramba
9 Machi 2025

Kaka Ernesti,

Salamu. Mama mdogo wa Pongwe alifariki Januari, kwa amani, akiwa usingizini. Tulimzika siku ya pili. Aliniuliza habari zako mpaka mwisho, nami nilimwambia unaendelea vizuri. Mabati ya kanisa yamerudishwa.

Sikuombi alikufa siku ile ile, pale uani. Nilikuacha miezi saba bila jibu. Nilitaka kuona kama utaniuliza habari ya mtu mwingine. Uliandika tena mara mbili. Zile barua nimezipata. Hukuuliza.

Tulikuwa pamoja mahakamani Alhamisi iliyopita, lakini pale nilikuwa nazungumza na hakimu. Haya nazungumza na wewe.

Kesi ya kwanza nilisema nilikuwa mtoni, sikuona. Wifi alikuwa hospitali taya limefungwa waya, wewe ukasema alianguka kwenye ngazi akichuma machungwa, na Kristofa peke yake alisema kweli, wakamwona ni jirani mwenye ugomvi wa mpaka. Mimi nilikuwa jikoni, kaka. Nilikuwa hatua tano. Wifi alikuwa ametoka kumuuguza mama yake Lushoto wiki tatu, alikuwa hajakaa hata chini. Ulimwuliza kidonge cha tarehe tatu alimwachia nani, akasema amesahau. Ulikuwa umembeba yule mtoto wa Sikuombi mikononi, amekufa, ufizi mweupe. Ulimlaza juu ya kanga taratibu, ukamfumba macho. Halafu ukachukua mchi wa kinu.

Ulimpiga mara moja tu usoni, na zilizobaki mwilini. Niliona taya likienda upande. Hakulia mara ya kwanza kwa sababu mdomo haukuweza. Alilia baadaye, ile sauti Kristofa aliyoisikia akiwa kwake. Aliingia mlangoni mikono mitupu, anasema, "Ernesti, ndugu yangu, utaua." Aliinua mkono kukinga. Ulimkata vidole vitatu kwa panga ukamkata tena alipoinama kuviokota. Kisha ulitoka ukaenda kumwaga damu mpakani, ionekane yalitokea huko. Uliponipita mlangoni ulinishika shavu kwa mkono uliolowa, ukaniambia, "Wewe ulikuwa mtoni." Nami nikaenda mtoni kweli. Nikakaa ndani ya maji mpaka jioni.

Nimeyasema yote hayo kwa hakimu, kwa mpangilio huo. Barua zako zote nilizitoa, hata ile isiyopita kwa afande. Wifi alisimama baada yangu. Haongei vizuri, kovu linamvuta mdomo, karani akamwomba arudie maneno mengi, naye aliyarudia yote bila kuchoka. Kristofa aliinua mkono wake wenye vidole viwili ili kuapa.

Nilikuangalia wakati hakimu anasoma miaka kumi na miwili juu ya ile ya kwanza. Hukubadilika uso. Nilijua ungekasirika, nilijua labda ungelia. Sikujua kwamba nitakaa pale nikitamani ulie.

Wifi anakwenda kwa daktari wa meno mwezi ujao, taya litavunjwa tena lipangwe upya. Kristofa atalima shamba la juu nusu kwa nusu na mimi, kazi ya mikono miwili tunaigawana. Shauriyako yuko kwangu na nitamtunza mpaka afe, lakini neno "shika" halisemwi tena hapa nyumbani. Mzee Uweso anasema ni bora nimfunge mnyororo anapokuja mgeni. Namfunga.

Walipokuwa wanakutoa ulisimama karibu na benchi langu. Askari alikuvuta nawe ukakaza miguu, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Lea. Mimi nimekulea." Askari wakakutoa. Nakujibu sasa.

Ni kweli. Ulinibeba kutoka msibani, ulinisomesha, ulikuwa unalala na njaa ili nile. Na hilo nililisema mbele ya hakimu, la kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, nikamsubiri mpaka amemaliza kuliandika. Ndipo nikaendelea.

Mdogo wako,
Lea